Mkono wa Nyota Tisa

“Mkono huu,” alisema yule mama, akauinua wa kulia juu ya kipaza sauti kama mtu anayeapishwa ubunge, “umeingia katika nyumba nyingi kuliko umeme.”

Ilikuwa siku ya kumuaga matroni, ndani ya ukumbi wa chakula wa hospitali, mbele ya manesi, madereva, wapishi, na daktari mmoja aliyekuja kwa ajili ya soda. Mama alikuwa amepewa dakika mbili aseme neno kwa niaba ya watu wa chumba cha kufulia. Neno la kumuaga matroni lilikwisha kwa sekunde ishirini. Zilizobaki, pamoja na nyingi ambazo hakupewa, alizimalizia kwenye mkono.

Watu walipiga makofi kwa mazoea. Hadithi ile ilikuwa na miaka thelathini na minane, ilikuwa kubwa kuliko nusu ya waliokuwemo ukumbini. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye karatasi ya mshahara tu, nalo lilikaa huko kama mgeni aliyekosea nyumba. Kote kwingine aliitwa Mkono. Watoto wake walipoambiwa shuleni waandike insha, waliandika “Mkono wa Mama Yangu,” wote watatu, kwa miaka tofauti, na mwalimu yule yule akawapa maksi zile zile.

Mkono wenyewe ulikuwa unaishi maisha ya kifalme. Ulipakwa mafuta mara tatu kwa siku. Ulivaa glavu ukigusa maji ya moto. Wa kushoto ndio uliobeba ndoo, ukamenya vitunguu, ukaungua kwa pasi, yaani ulilelewa kama mtoto wa kambo. Kasoro ya ule wa kulia ilikuwa moja tu: kidole cha mwisho kilichowahi kubanwa na mlango wa kabati utotoni, kikapona kikiwa kimepinda kuelekea nje, kama mtu aliyesimama kando ya barabara akiomba lifti.

Sasa, tangazo lenyewe. Wenye umri wao hawahitaji kukumbushwa, lakini wengine mlikuwa bado hamjafikiriwa. Enzi hizo tivii ilifunguliwa jioni, na watu walifika mapema kutazama ile picha ya mistari inayolia “tiiii” kabla ya vipindi, wakaitazama kwa adabu kabisa. Taarifa ya habari ilivumiliwa. Tamthilia ilipendwa. Lakini matangazo ndiyo yaliyowafanya watu wazima wenye madeni na ndevu waimbe. Kulikuwa na la betri, babu mwenye koti la mvua anacheza na tochi hadi anachoka yeye kabla ya tochi. Kulikuwa na la dawa ya mbu, mbu mwenyewe anakohoa kwa sauti ya mwanasheria na kuaga familia. Kulikuwa na la godoro, ambapo jitu la watu linaruka kutoka juu ya kabati na yai lililo kando yake halivunjiki.

Na lilikuwepo la sabuni ya unga ya Nyota Tisa. Ndani ya tangazo hilo hakukuwa na uso wa mtu, mikono tu. Kwanza unaingia mkono unaomwaga paketi nzima ndani ya beseni, unga unatapakaa hadi mezani, na sauti nzito ya mwanamume inasema, “Hasara.” Halafu unaingia mkono wa pili, taratibu, umeshika kijiko, unachota, unatia. Sauti inasema, “Akili.” Kisha povu linapanda kama limeitwa jina, na nchi nzima inaimba:

*Kijiko kimoja tu, mama, kijiko kimoja,*
*Povu laja mbio, uchafu unangoja.*

Mkono alidai ule wa pili. Hakuna mtu mwenye akili timamu angedai wa kwanza.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Mkono hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe, hata Mungu alimwambia kwa mafumbo. Siku ya kupiga picha ile, yeye alikuwa msichana wa kufunga paketi kiwandani, miaka kumi na tisa. Walikuja mabwana watatu na kamera, wakawapanga wasichana mstari mmoja, wakawaambia wanyooshe mikono kama ukaguzi wa kucha. Wakachaguliwa watatu: yeye, msichana wa kwenye mizani, na binti wa mhasibu aliyekuwa amemletea baba yake chakula. Kila mmoja alimwaga mara tatu vibaya na kuchota mara tatu vizuri. Mabwana wakasema asanteni, wakawapa paketi moja moja, wakaondoka na kamera yao.

Hakuna aliyewaambia ni mkono wa nani uliotumika.

Wiki chache baadaye Mkono alikaa sakafuni kwa jirani, katikati ya watu ishirini na kitu, mbele ya tivii ndogo yenye chenga nyingi kuliko mchele wa bei rahisi. Kitu cheupe kilipita ndani ya chenga kikiwa kimeshika kitu. Akasimama. “Huo wangu,” akasema. Watu wakageuka wote, wakamtazama yeye badala ya tivii, na hakuna binadamu anayetazamwa hivyo akiwa na miaka kumi na tisa halafu akasema, samahani, ngoja kwanza nihakikishe. Tangazo lilirushwa miaka minne. Kila alipoliona lilikuwa ndani ya tivii ile ile na chenga zile zile. Kisha kiwanda kikafungwa, tangazo likakoma, na Mkono akabaki na jina.

Mambo yakaenda hivyo hadi Jumatatu iliyofuata sherehe ya matroni.

Chumba cha kufulia asubuhi ni kama tumbo la sufuria. Mashine tatu zinanguruma, ya nne imeharibika ila nayo inanguruma. Mkono alisimama kwenye ile mashine ndefu ya kupiga pasi mashuka, akilisha shuka upande huu, mwenzake akipokea upande ule, alipoingia Fundi wa Boila. Fundi alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti nene, na kazi yake ilikuwa kulinda mvuke. Alipokuwa hana kazi alikusanya vyombo vilivyokufa, redio, feni, majiko, akavifufua bila kuombwa.

“Mama Mkono,” alisema, “ile hotuba yako nilimpelekea mke wangu nyumbani.”

“Akafurahi.”

“Akacheka. Unajua alikuwa kiwanda kile kile? Kwenye mizani.”

Shuka lililokuwa mkononi mwa Mkono liliingia mashineni limepinda.

“Anasema hata yeye alimwagishwa unga siku hiyo,” Fundi aliendelea, “lakini hajawahi kusimama kwenye kipaza sauti. Na anasema mkono uliotumika ulikuwa wa mtoto wa mhasibu.”

“Fundi, mkeo anaona vizuri?”

“Macho yake ndiyo yaliyonichagua mimi.”

“Basi hapo tumeshajua hayafanyi kazi.”

Chumba kizima kilicheka, hata mashine ya nne ilisikika kama imecheka. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kuachia mvuke ukatoka hivi hivi. “Mimi sitaki ugomvi, dada yangu. Ijumaa mchana lete ushahidi. Ukikosa, unasimama ukumbi ule ule, unasema uliongopa, na jina unalirudisha.”

“Nilirudishe wapi, stoo?”

“Stoo. Na utasaini.”

“Ijumaa,” Mkono alisema. Mdomo wake ulikuwa na tabia ya kufika mahali kabla yake.

Siku hiyo alipiga pasi foronya arobaini kwa ndani. Si kwamba alimwogopa Fundi. Aliogopa kitu alichokiacha kwa jirani, ndani ya chenga zile, kikimsubiri. Kama mkono haukuwa wake, basi jina halikuwa lake, na ukimvua mtu jina akiwa na miaka hamsini na saba, umwite nani? Lile la kwenye karatasi ya mshahara hata yeye mwenyewe lilimchukua muda kuitika.

Alipiga simu kituo cha televisheni. Kijana wa kule alimjibu kwa upole kwamba kanda za zamani zilirekodiwa juu yake mpira na hotuba. “Hotuba za nani?” Mkono aliuliza. “Hata hatujui, mama. Nazo tulirekodi juu yake mpira.”

Ndipo Jumanne jioni akaenda kwa kaka yake, si kwa sababu alikuwa na tumaini, bali kwa sababu mtu akizama hutafuta ndugu wa kumlaumu.

Kaka na wifi yake walikuwa sebuleni, kila mmoja kwenye kiti chake, wakibishana kama dirisha lifunguliwe. Mkono aliwasimulia yote. Yote ya kusimulika, yaani. Alipofika kwenye neno “matangazo ya zamani,” wifi yake aliweka kikombe chini polepole.

“Mume wangu,” wifi alisema, “leta ile kanda.”

“Ipi?”

“Usiniulize ipi. Ile ya kesi yangu.”

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Miaka thelathini na mitano iliyopita kaka mtu alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha mikate, na zamu yake ilikula kila Jumatano jioni, saa ya tamthilia aliyoipenda kuliko mishahara miwili. Akanunua mashine ya kurekodia, dude kubwa kama sanduku la bati, akamfundisha mkewe. Kanda ni ghali, alisema, usiijaze matangazo. Tangazo likiingia, bonyeza kitufe hiki, mashine itasimama. Likiisha, bonyeza tena, itaendelea. Kilikuwa kitufe kile kile cha kusimamisha na kuendeleza, na taa ndogo ya kuonyesha mashine iko hali gani ilikuwa imeungua tangu dukani.

Jumatano ya kwanza wifi alibonyeza vizuri. Kisha sufuria ikachemka, akakimbia jikoni, akarudi, hakukumbuka kama alishabonyeza. Akabonyeza. Kuanzia hapo kila kitu kikageuka. Tamthilia ikiingia, mashine inalala. Tangazo likiingia, mashine inaamka, inafanya kazi kwa bidii zote. Na kwa kuwa kila Jumatano alianzia pale alipoachia, kosa lilijiendeleza lenyewe, miezi mitatu, bila kukosa hata wiki moja.

Kaka hakutazama. Alikuwa anaitunza tamthilia ile kwa ajili ya likizo. Likizo ilipofika alivaa kaptula, akakaanga karanga, akaalika majirani wanne, akanyoosha miguu, akabonyeza. Mwanamke mrembo akatokea machozi yakimlenga, akasema, “Ukweli ni kwamba mtoto huyu si—” na babu mwenye koti la mvua akaingia na tochi yake. Saa tatu nzima. Majirani walifurahi sana. Mmoja alisema hiyo ndiyo tamthilia bora aliyowahi kuona, kila mtu ndani yake ana meno meupe.

Kwa hasira kaka alivunja kile kijipande cha plastiki pembeni mwa kanda, kinachoruhusu kurekodi juu yake, ili isije ikafutwa kamwe. Akaandika kwa kalamu nyekundu: USHAHIDI. Akaihifadhi kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Tangu hapo, wakigombana juu ya chumvi, juu ya ada, juu ya dirisha, alikuwa na neno moja la kufunga mjadala: “Wewe? Wewe wa kanda ile?”

Sasa aliishika mkononi, akaipuliza vumbi.

“Miaka thelathini na mitano nimetumikia kifungo kwa kanda hii,” wifi alisema. “Leo nakata rufaa.”

“Nyota Tisa limo?” Mkono aliuliza.

“Sijui,” kaka alisema. “Mimi nilitoka nje lilipofika la godoro, nikawaachia majirani. Lakini ushahidi hautoki humu ndani bila mwenyewe. Tunakuja wote.”

Fundi wa Boila, kwa haki, hakufanya hila. Alisikia neno “kanda” na macho yakamwaka kama ya mtoto aliyeona bisibisi. Alikuwa na mashine ya kuchezea kanda kwenye chumba chake, nzima kasoro mkanda wa raba wa kuzungushia, uliokuwa umeoza. Akachukua glavu mpya ya wauguzi, akaikata ule ukingo mnene wa kwenye kifundo cha mkono, akaufunga mahali pake, akaizungusha kwa kidole, akasikiliza. “Inapumua,” akasema. Ukungu wa kwenye kanda akaufuta kwa pamba na spiriti, sentimita kwa sentimita, siku nzima ya Alhamisi, huku akiwaambia watu boila ina matatizo.

Ijumaa mchana chumba cha kufulia kilijaa kuliko siku ya mshahara. Tivii iliwekwa juu ya mashine ya nne. Watu walikaa juu ya vikapu vya mashuka, juu ya ndoo, juu ya wenzao. Wapishi walikuja na miko yao. Mke wa Fundi alikuja pia, mama mnene mtulivu, akakaa mbele kabisa, akamsalimia Mkono kwa heshima, na Mkono akaitika kwa heshima, na chini ya heshima hizo mbili kulikuwa na unga mwingi sana wa sabuni.

Mkono alikuwa ameuficha mkono mfukoni.

Fundi akabonyeza. Mistari, kelele, mwanamke mrembo. “Ukweli ni kwamba mtoto huyu si—” Na babu akaingia na tochi.

Jambo lililotokea halikupangwa na mtu. Mpishi mkuu, mtu mzima mwenye presha, alisimama akacheza hatua zote za babu, hadi ile ya kurusha koti. Alipokuja mbu wa kukohoa, chumba kizima kilikohoa naye, kwa mpangilio, kama kwaya iliyofanya mazoezi miaka thelathini. Dereva wa gari la wagonjwa aliaga familia kwa niaba ya mbu, neno kwa neno. Likaja la rangi ya viatu, la maziwa ya unga, la kalamu isiyovuja. Nesi mmoja alitokwa machozi kwenye la biskuti akashindwa kueleza kwa nini, akasema tu, “Sebule yetu ilikuwa na pazia la kijani.” Jitu likaruka kutoka juu ya kabati, na watu wote wakanyamaza kwa ajili ya yai. Halikuvunjika. Wakashangilia kama vile safari hii lingeweza.

Vijana waliozaliwa juzi walikuwa wanatazama watu wazima, si tivii. Hawakujua wakubwa wao wana mdundo.

Mkono peke yake hakuimba. Kila tangazo lilipokwisha aliomba lifuatalo liwe lake, na lilipoanza akaomba lisiwe.

Likaja. Beseni, meza, kitambaa chenye maua. Na rangi: hakuwahi kujua kwamba paketi ya Nyota Tisa ilikuwa ya zambarau kwenye tivii vile vile kama kiwandani, kwa sababu kwa jirani kila kitu kilikuwa cha majivu. Mkono wa kwanza ukaingia, ukapindua paketi.

“Simamisha,” alisema mke wa Fundi.

Fundi alikuwa mbali. Wifi ndiye aliyekuwa karibu na mashine. Akanyoosha kidole, akabonyeza kile kitufe cha katikati, mara moja tu, na picha ikasimama wima bila kutetemeka, mkono hewani, unga umetapakaa angani kama nyota.

Kaka mtu alimtazama mkewe, kisha akakitazama kitufe.

Kidole cha mwisho cha mkono ule kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Kilisimama pale kwenye kioo, kikiomba lifti.

Kisha Mkono akautoa wake mfukoni, taratibu, akauweka kando ya kioo. Kidole na kidole. Tofauti ilikuwa mikunjo tu.

“Ni wako,” alisema mke wa Fundi.

“Ni wangu,” alisema Mkono, na watu wakadhani anajibu, kumbe alikuwa anauliza kwa mara ya mwisho.

“Lakini huo ni wa Hasara,” Fundi alisema.

Hapo ndipo chumba kilipopasuka. Mpishi alishika tumbo. Dereva alilala juu ya shuka safi, akafukuzwa, akalala juu ya shuka chafu. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mkono mwenyewe, alicheka hadi akakaa chini, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, kitu kizito cha miaka thelathini na minane kikimtoka kifuani vipande vipande. Ulikuwa wake. Haukuwa wa mizani, haukuwa wa mhasibu. Nchi nzima ilikuwa imeuona, ikautikisia kichwa na kusikitika, lakini ulikuwa wake.

Wifi aliachia picha kidogo, mkono wa pili ukaingia na kijiko, akaisimamisha tena. Kucha ndefu, pete ndogo.

“Mtoto wa mhasibu,” alisema mke wa Fundi. “Si nilisema?”

“Ulisema,” Mkono alikubali, akijifuta macho kwa ule wa kushoto. “Na hebu mtazameni. Amechota kijiko. Hata paka angechota kijiko. Kumwaga paketi nzima mtu akaamini unaharibu kwa dhati, hiyo ndiyo kazi. Watu walijifunza akili kwa hasara yangu mimi.”

“Basi jina unabaki nalo,” Fundi alisema. “Ila sasa ni refu kidogo. Mkono wa Hasara.”

“Refusheni mnavyotaka. Mradi mkiniita naitika.”

“Na ukumbini?”

“Ukumbini nitasema. Nipewe dakika mbili.”

“Asipewe,” walisema watu wanne kwa pamoja.

Wifi akauliza kama aendelee au awaache wacheke kwanza. Mkono akamwambia aendelee, maana mwisho wa tangazo lile hakuna mtu aliyewahi kuusikia. Kila mara watu walikuwa bado wanaimba. Safari hii waliimba kwa kunong’ona. Povu likapanda, wimbo ukaisha, na ile sauti nzito ikarudi, bila haraka, ikasoma kama inavyosoma hali ya hewa.

Paketi ya nusu kilo, shilingi saba na senti hamsini.